Bibi Yangu Alivyosajili Hisani

Mwaka niliopunguzwa kazi nilikuwa na mtoto mmoja wa kunyonya, mashine moja ya taipu, na mahali pamoja tu pa kwenda: kwa bibi mzaa mama, Mbagala ya ndani, kule ambako ukiendelea mbele kidogo unaingia Chamazi, na Chamazi ya siku zile ilikuwa mikorosho, mihogo na nyoka. Shirika la umma nililolichapia barua kwa miaka tisa lilikuwa linauzwa, na sie wapiga chapa tulikuwa wa mwanzo kuambiwa ahsante. Mashine niliichukua siku za mwisho mwisho, wakubwa walipokuwa wanagawana makabati. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuuliza mtu.

Bibi alinipokea mlangoni, akamchukua mtoto kwanza, kisha akanitazama mimi na mzigo wangu.

"Karibu mke mwenzangu," alisema. "Ila umechelewa. Mume mwenyewe mwaka wa kumi na mbili huu yuko kaburini. Cha kugombea hakuna."

Ndivyo tulivyotaniana tangu nikiwa mdogo. Kwetu pwani bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza wa babu, na bibi yangu aliuchukulia uke wenza huo kama kazi ya kudumu.

Kazi yake nyingine ilikuwa uganga wa mitishamba. Hakupiga ramli wala hakumwonyesha mtu mbaya wake. Dawa zake zilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, na alizijua kwa kunusa. Kusoma kwake kulikuwa kwa herufi za Kiarabu, za chuoni. Hizi nyingine, za serikali, aliziita maandishi ya kodi.

Nilidhani nitamkuta peke yake. Nikamkuta na watu watatu. Chumba cha uani alilala mama mmoja mtu mzima aliyepooza upande wa kushoto. Pamoja naye alikuwepo msichana mwenye kifafa, ambaye mumewe alimleta kutibiwa na akaoa mwingine kabla dawa haijachemka. Na barazani, nyuma ya pazia la khanga, alilala mwanamume mmoja, fundi seremala, amebaki mifupa na macho. Huyu aliletwa na kaka zake wawili juu ya mkokoteni. Miaka ile ugonjwa wake watu hawakuutaja kwa jina. Walisema tu "ule ugonjwa", halafu wakatazama pembeni.

Bibi aliwaambia wale kaka ukweli wao. Aliwaambia kwamba huu yeye hana dawa yake, na wakimpata anayesema anayo, waje naye ili amuuzie yeye kwanza. Alichoweza ni kumtuliza kikohozi, kumpaka ngozi isimwashe na kumnywesha uji. Wakasema wamekubali, wamemwachia, watarudi Ijumaa. Hawakusema Ijumaa ipi. Mimi nafika, zilikuwa zimekwisha kupita Ijumaa saba.

Mwezi wangu wa pili pale alikuja mtendaji wa kata, daftari kwapani. Jirani mmoja alikuwa amepeleka malalamiko kwamba bibi anaendesha gesti bubu. Mtendaji alizunguka nyumba, akachungulia uani, akaona kitanda cha kamba, ndoo, na yule mama aliyepooza akimwamkia kwa mkono mmoja. Akakaa kwenye mkeka akiwa mnyonge kidogo. Alieleza kwa upole kwamba kanuni ni kanuni. Kama hii ni biashara ya kulaza watu, ikatiwe leseni. Kama ni tiba, kuna kibali chake. Na kama ni hisani, basi isajiliwe chama, kiwe na katiba, na viongozi, na muhuri.

Bibi akauliza hisani kwa serikali ndiyo nini.

"Ni kumsaidia mtu bila malipo, Bibi."

"Basi ndiyo mie," bibi akasema. "Ila sikujua kwamba nafanya bila ruhusa."

Neno lililomkaa moyoni, hata hivyo, lilikuwa muhuri. Jioni ile aliniuliza mara tatu muhuri unafananaje, unakatwa wapi, na mtu akigongewa anahisi nini. Nikamweleza kwamba haugongwi mtu, inagongwa karatasi. Akasema ni kweli, lakini anayesoma karatasi ndiye anayeumia.

Tulihitaji waanzilishi kumi. Nilimwambia bibi tuandike barua za kuomba watu wajiunge, akacheka. Asubuhi iliyofuata alijifunga khanga mpya, akanibebesha daftari na kalamu, tukatoka.

Tulianzia buchani. Mwenye bucha alikuwa mtu mkubwa wa mwili na sauti, na asubuhi ile duka lilijaa wateja. Bibi akasimama katikati yao, akapokea shikamoo za kila mtu, kisha akamtazama mwenye bucha kwa huruma kubwa.

"Vipi baba," akamwuliza, "lile jambo letu limetulia?"

Kisu kilisimama hewani. Yule bwana akasema limetulia, limetulia kabisa, alhamdulillahi, na bibi ana shida gani leo? Nikafungua daftari. Alitia saini kabla sijamweleza chama ni cha nini, akatufungia na nyama ya utumbo juu.

Hivyo hivyo tukaenda kwa fundi cherehani, kwa mama muuza vitumbua, kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa wengine wanne, mpaka kwa yule aliyekuwa na redio kubwa kuliko zote mtaani. Bibi hakumwomba hata mmoja. Aliuliza hali tu. Wakati mwingine aliuliza hali ya mke mtu akiwa na mumewe, au ya mume mke akiwa jikoni karibu na mlango, na kalamu ikaenda yenyewe. Njiani nilimwambia kwamba mjini jambo hili lina jina lake na watu hufungwa kwalo. Akashangaa.

"Mie nimeuliza afya," alisema. "Siku hizi kuuliza afya ni dhambi?"

Mwenye redio alikuwa wa tisa. Wa kumi hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Tandika, mtu wa ibada na maneno machache. Mkewe alikuwa amesumbuliwa na mgongo miaka mingi, na bibi alikwenda kumkanda kila wiki, mpaka wakawa mashoga wa kubadilishana achari. Yule mzee alisikiliza habari ya chama, akavua miwani, akaifuta, akasema yeye atakuwa mweka hazina kwa sharti moja tu, kwamba mikutano isiwe Alhamisi. Sikujua Alhamisi kuna nini. Bibi akakubali papo hapo, akaniambia baadaye kwamba mtu anayekuja na sharti dogo namna ile ni mtu aliyekwisha amua.

Sasa ikabaki katiba, na hapa niseme ukweli kwamba kosa lilikuwa langu.

Sikuwa nimewahi kutunga katiba. Lakini katika makaratasi niliyotoka nayo kazini ilikuwemo katiba ya klabu ya michezo ya shirika, kurasa tisa, imepangwa vizuri. Nikaiweka pembeni ya mashine nikawa naichapa upya, nikibadilisha jina la klabu kuwa jina la chama, na kila penye neno "wachezaji" nikiweka "wagonjwa". Mtoto alikuwa na homa ya meno, nampakata kwa mkono mmoja nachapa kwa mwingine. Mwishoni sikusoma nilichochapa. Bibi alizipokea kurasa kwa mikono miwili, akazinusa, akasema zimekamilika.

Ofisi ya usajili ilikuwa mjini, ghorofa ya pili, yenye korido ndefu na benchi moja. Karani wa usajili alikuwa kijana wa bara, mwenye miwani na adabu nyingi. Alisimama kumwamkia bibi, akamvutia kiti, akaomba radhi kwa joto. Kisha akaanza kusoma. Alisoma kurasa tatu. Ya nne akairudia.

"Bibi," alisema taratibu, "hapa mmeandika, 'Wagonjwa watachaguliwa na kocha.'"

Nilitamani sakafu inifunike. Akaendelea, kwa sauti ile ile ya kiofisi. Mgonjwa atakayechelewa mazoezini mara tatu atasimamishwa. Mgonjwa atakayeonyeshwa kadi nyekundu hatashiriki mashindano mawili yanayofuata. Chama kitakuwa na haki ya kuchukua wagonjwa bora kutoka vyama vingine, baada ya mazungumzo.

Bibi hakutikisika. Alisema hayo yote ni sawa, kwa sababu mgonjwa asiyefanya mazoezi hapati nafuu, na wapo wengine wanaostahili kadi nyekundu, kama karani mwenyewe angewaona. Karani akainamisha uso kwenye droo kwa muda, kama anatafuta kitu. Aliporudi juu macho yalikuwa mekundu. Akatuomba tukarekebishe, turudi.

Kwenye ngazi bibi alinishika mkono.

"Mke mwenzangu," alisema, "nilikuomba unifanye mwenyekiti. Umenifanya kocha."

Tulirudi baada ya wiki na katiba iliyotulia. Tukaambiwa tuje Jumatatu. Jumatatu faili lilikuwa kwa mkubwa. Wiki iliyofuata lilikuwa limetoka kwa mkubwa lakini halijafika kwa karani, ijapokuwa kati ya milango yao kulikuwa na hatua sita, nilizihesabu. Kijana alisema haya kwa heshima kubwa mno, na heshima hiyo ndiyo iliyotuchelewesha. Mtu anayekufukuza kwa heshima hujui umefukuzwa mpaka ufike nyumbani. Mara ya nne nilikasirika, nikamwambia bibi kwamba labda yapo maneno ya pembeni tunatakiwa tuyaseme, na mengine si ya mdomo. Bibi akasema yeye katika maisha yake hajamhonga mtu ili amruhusu kumwosha mgonjwa, na hataanza uzeeni. Akakaa kwenye benchi. Akasema atasubiri.

Alisubiri siku nne. Tulikwenda asubuhi na mkeka wa mtoto na chupa ya chai, tukarudi alasiri. Siku ya kwanza alikaa kimya. Siku ya pili mhudumu wa ofisi, mama aliyekuwa akipita na ndoo ya kudekia, alisimama kunyoosha kiuno, na bibi akamwuliza kinamuuma tangu lini. Basi. Mpaka saa sita walikuwa wamekwisha pita wapiga chapa wawili, dereva mmoja na mtu wa masjala. Bibi hakumpa mtu dawa, maana hakuja na kopo hata moja. Alisikiliza, akabonyeza bonyeza, akamwambia huyu apunguze chumvi, yule abadilishe mto, na yule dereva, aliyekuwa na miguu imevimba, alimwambia aondoke sasa hivi aende hospitali, asisubiri mshahara. Alikwenda. Walimlaza siku hiyo hiyo, na habari hizo zilipofika koridoni kesho yake, benchi halikutosha.

Siku ya nne foleni ya bibi ilikuwa imefika kwenye ngazi, na ya karani ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango. Mkubwa wa ofisi alitoka, akatazama huku na huku, akarudi ndani bila kuuliza. Tukasikia kengele ya mezani ikilia kwa karani.

Karani mwenyewe, masikini, alikuwa na shida yake. Tangu jana alikuwa na kwikwi. Alikuwa amekunywa maji, ameziba pua, amelamba sukari, na bado kila maneno mawili kwikwi ilimkata. Alitoka koridoni mkono kifuani, akamwendea bibi kwa aibu, watu wote wakinyamaza ili wasikie. Akasema shikamoo, kwikwi ikaingia katikati.

Bibi alimtazama kwa upendo kabisa. Kisha akapaza sauti, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ikafika mpaka kwenye mlango wa mkubwa.

"Mwanangu, faili langu umemuuzia nani?"

Yule kijana alibadilika rangi. Mdomo ukafunguka, hakuna kilichotoka. Tukasubiri. Korido nzima ilisubiri. Kwikwi haikurudi. Akameza mate, akajigusa koo, akameza tena, na watu wakaanza kunong'onezana kwamba bibi kaitoa kwa neno moja tu, bila hata kumgusa. Mhudumu akaweka ndoo chini, akasema huyu mama si wa mchezo.

Faili lilionekana kabla ya adhuhuri. Lilikuwa ofisini mwa karani siku zote, chini ya chupa kubwa ya chai, likizuia meza isiungue. Kwenye jalada palikuwa na duara la rangi ya kahawia. Kijana aliapa kwamba hakujua, na mimi nilimwamini, kwa sababu aliona haya kuliko mtu mwenye hatia. Mkubwa alitia saini akiwa amesimama. Alimwambia bibi kwamba cheti kitatoka wiki ile ile, na akamwomba, kwa hisani yake, asirudi kukifuata, watakituma.

Tulipotoka nilimwuliza bibi kama ile ilikuwa dawa ya kwikwi au alikuwa akilitaka faili kweli. Alisema vyote viwili. Mtu akistuka kwikwi humkimbia, hilo kila mama anajua. Lakini kwa nini umstue mtu kwa bure?

Cheti kilikuja kwa mkono wa dereva, yule wa miguu, akiwa na nafuu. Yule mzee wa Tandika alikatisha muhuri, wa mviringo, wenye mpini wa mti, na bibi alishinda kutwa akiugonga kwenye karatasi, kwenye mfuko wa unga, na mara moja kwenye paji la uso la mwanangu. Kisha akaniita mezani, akaniambia niandike barua.

Ilikuwa ya kwenda kwa wale kaka wa fundi seremala. Kwa miezi sita alikuwa amewatumia salamu, mara kwa muuza mkaa, mara kwa shehe wa msikiti wa kwao, na hakupata hata kikohozi. Sasa alitaka lugha ya serikali. Miaka tisa nilikuwa nimeichapa lugha hiyo, nilikuwa naijua mpaka usingizini. Nikaandika kwamba rejea somo la hapo juu, mnatakiwa kufika bila kukosa mbele ya kamati siku ya Jumanne saa tatu kamili asubuhi, mkiwa na vitambulisho. Bibi akaniuliza kamati ni nani. Nikamwambia ni yeye na mwenye bucha. Akaugonga muhuri mara mbili, mmoja chini na mmoja juu, ili wauone kabla ya salamu.

Jumanne saa mbili na nusu walikuwa mlangoni. Wamechomekea, viatu vimepakwa dawa, kila mmoja ameshika kitambulisho mkononi. Bibi aliwapokea kama wageni wa heshima, akawaketisha, akawapa chai. Hakuwagombeza. Alivuta tu lile pazia la khanga, wakamwona mdogo wao.

Sikuwahi kuwaona wanaume wawili wakilia namna ile, na kwa muda utani wote uliniishia. Mkubwa wao alisema waliogopa. Waliogopa ugonjwa, waliogopa majirani, kisha wakaogopa kurudi kwa sababu walikuwa wamekawia. Fundi aliwasikiliza, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba angalau wangemletea randa yake, mikono inamwasha kwa kukosa kazi.

Bibi aliwafundisha siku ile ile, kwa mikono yao wenyewe, namna ya kumgeuza, kumwosha na kumpaka mafuta. Aliwaambia kwamba hapa hakuna uchawi wala laana, kuna mtu mchafu anayetaka kuoga. Halafu akawaandikisha uanachama. Mimi ndiye niliyechapa zamu zao, nikazibandika ukutani, na bibi akaugonga muhuri juu yake. Hawakukosa hata siku moja. Walimchukua nyumbani kwao mwezi uliofuata, akafia huko baada ya masika, kwenye kitanda alichokichonga mwenyewe, kaka zake wako kando. Walikuja kutupa habari kabla hata hawajatandaza mkeka wa matanga.

Chama kilikua kidogo kidogo, na hakikuwa kikubwa. Mume wa yule msichana wa kifafa naye aliandikiwa barua. Hakuja, lakini mama yake alikuja, akamchukua mkwewe, na nasikia alimtoa yule mke mpya chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Mama aliyepooza hakuwa na ndugu wa kuandikiwa, kwa hiyo akabaki, akawa makamu mwenyekiti. Mwenye bucha aliacha kuogopa tukipita, na siku moja alisimama mbele ya mkutano mzima akataja mwenyewe ni jambo gani lililokuwa limetulia, akasema amechoka kulilinda. Bibi alichukia kidogo. Aliniambia amepoteza mwanachama mtiifu, amebaki na mwanachama mwema.

Mwaka wa pili ilikuja barua ya kwanza kutoka hospitali. Muuguzi mkuu wa wodi aliandika kwamba wapo wagonjwa wawili wasiojiweza ambao ndugu zao wamewatelekeza, na akauliza kama chama chetu kinaweza kuwapokea. Bibi alinisomesha barua ile mara mbili. Alilolitaka zaidi ni neno "Mheshimiwa Mwenyekiti"; hapo alinisimamisha nikalirudia. Kisha akavuta kigoda karibu na mashine, akanitamkia majibu neno kwa neno. Tutawapokea, alisema, walete hata kesho. Ila pamoja na wagonjwa utuletee majina ya ndugu zao, na mahali wanapofanya kazi, na kama inawezekana, jina la bosi wao.